Boksi la kupimia nozeli: shajara ya mradi kutoka Mwanjelwa

Mei, mvua zikiishia

Mradi ni huu: boksi linalofungua nozeli nne za petroli (vile vipulizio vya mafuta vya injini) kwa umeme jinsi kontroboksi, kompyuta ya injini, inavyozifungua, huku likinionyesha mkondo unaopita ndani ya kila moja na mafuta yanayotoka. Mashine za namna hiyo zinauzwa, sijavumbua kitu. Ila bei yake ni ya gereji kubwa, na mimi ni fundi rewaya, yaani fundi umeme wa magari, mwenye kibanda nyuma ya gereji ya mzee mmoja hapa Mwanjelwa, Mbeya.

Kilichonisukuma ni mtindo wa mjini wa kuhukumu nozeli kwa mita ya omu, ya kupima ukinzani wa waya. Gari linakuja linamisi, yaani silinda haichomi sawasawa, fundi anachomoa soketi, anagusisha mita kwenye temino mbili. Akiona 14 anasema nozeli nzima, akiona namba nyingine anasema imekufa, nunua. Hukumu zote mbili zinaweza kuwa uongo. Mita inapima waya wa shaba uliozungushwa ndani basi. Haijui kama sindano inayoziba mafuta inanyanyuka, inanyanyuka baada ya muda gani, wala inarudi saa ngapi.

Niweke msingi hapa ili dogo wa gereji asome mwenyewe badala ya kuniuliza kila asubuhi. Nozeli ya kawaida ya petroli ina temino mbili. Ya kwanza ina moto wa betri muda wote swichi ikiwa imewashwa. Ya pili inakwenda kontroboksi, na kontroboksi haileti moto pale, inaleta ethi, yaani njia ya kurudi hasi ya betri. Ethi ikifungwa, mkondo unapita, koili (ule waya uliozungushwa) inakuwa sumaku, sindano inanyanyuka karibu sehemu ya kumi ya milimita, na petroli iliyokuwa inasubiri kwa presha ya bar 3 hivi inatoka kama ukungu. Ethi ikikatwa, springi inairudisha sindano mahali pake. Gari likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, tendo lote huchukua milisekunde 2 hadi 4.

Ndiyo maana ukiwasha swichi bila kupiga stata, ukapima nyuma ya soketi ambayo haijachomolewa, waya zote mbili zitaonyesha volti 12. Hakuna mkondo unaopita, kwa hiyo hakuna volti zinazopotea kwenye koili. Mzee aliponiona napima hivyo akasema, "Hiyo soketi ina shoti, zote zina moto." Nikamwambia, "Hapana mzee, shikamoo kwanza. Ingekuwa na moto upande mmoja tu ndiyo tungesema koili imekatika." Akacheka, akaitikia marahaba, akarudi chini ya gari lake.

Juni, sakiti

Ubongo ni kibao kidogo cha Arduino, kijikompyuta cha kuprogramu mwenyewe. Kazi yake ni kuhesabu: fungua milisekunde kadhaa, funga, subiri, rudia mara 1,000, simama. Kila nozeli ina trenzista yake ya MOSFET, swichi inayowashwa kwa umeme, upande wa ethi, sawasawa na ndani ya gari.

MOSFET nilizotaka ni IRLZ44N. Muuzaji wa vifaa vya elektroniki alikuwa nazo IRFZ44N, akasisitiza kwamba ni zilezile. Si zilezile. IRF inahitaji volti 10 hivi kwenye geti, mguu wa kuiamuru, ili ifunguke sawasawa, na Arduino inatoa 5. Ukiiwasha kwa 5 inafunguka nusunusu, inapata moto, na nozeli haipati mkondo wake kamili. IRL imetengenezwa kwa volti 5. Zimeagizwa Kariakoo, zitapanda na basi.

Kati ya MOSFET na ethi nimeweka rezista ya omu 0.1. Ampea 1 ikipita, hapo zinatokea milivolti 100, na osiloskopu ndogo ya kuunganisha mwenyewe, kifaa cha kuchora volti kwenye skrini, inazichora vizuri. Hii rezista ndiyo moyo wa boksi. Vingine vyote ni vya kuisaidia.

Juni, mjadala wa diodi

Koili ikikatiwa umeme ghafla haikubali kimya kimya. Nguvu ya sumaku iliyobaki inarudi kama volti kubwa, na kwenye gari utaona mruko wa volti 60 hadi 80 pale ethi inapoachiwa. MOSFET yangu inavumilia 55. Lazima kuwe na kitu cha kumeza huo mruko.

Michoro mingi inaweka diodi ya kawaida, 1N4007, sambamba na koili. Inalinda trenzista, hilo kweli. Lakini diodi hiyo inaupa mkondo njia ya kuendelea kuzunguka ndani ya koili, sumaku inakawia kufa, na sindano inakawia kushuka. Nimezilinganisha zote mbili makusudi kwa nozeli moja. Kwa diodi tupu, mkondo ulichukua zaidi ya milisekunde 2 kuisha. Kwa diodi ya zena ya volti 36, inayofungua njia volti zikizidi hapo, kati ya dreni (mguu wa MOSFET unaoshika nozeli) na ethi, ulikatika ndani ya nusu milisekunde. Kwenye pigo la milisekunde 3 tofauti hiyo ni mafuta mengi, na boksi lenye diodi tupu lingeipa sifa kila nozeli kwamba inamwaga kuliko inavyomwaga garini. Nimebaki na zena, moja kwa kila nozeli.

Onyo kwa anayetaka kuchomeka osiloskopu ya bei rahisi moja kwa moja kwenye gari: nyingi zinaishia volti 50 kwenye mlango wake. Tumia probu inayogawanya kwa 10, vinginevyo ule mruko utaila.

Julai, baridi ya kukata masikio

Asubuhi hizi ukishika spana inakuganda mkononi, na baridi imeingia hadi kwenye vipimo. Nozeli inayotakiwa kusoma omu 14 kwenye nyuzi 20 inasoma 13.3 asubuhi ya nyuzi 8. Ileile ikitolewa kwenye injini ya moto, kwenye nyuzi 80, inasoma zaidi ya 17. Shaba hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Kwa hiyo fundi wa Kyela anayepima mchana na fundi wa Mbeya anayepima saa moja asubuhi wanaweza kubishana kuhusu nozeli nzima kabisa. Kanuni niliyobandika ukutani: acha zote nne zilale mezani zipoe pamoja, kisha zilinganishe zenyewe kwa zenyewe. Moja ikijitenga na wenzake, ndiyo ya kuuliza maswali.

Mafundi wanapaswa pia kujua kwamba 14 si sheria ya nozeli zote. Zipo za omu 2 hadi 3, hasa kwenye baadhi ya magari ya turbo ya zamani. Hizo huendeshwa ama na rezista iliyofungwa mfululizo, ama na kontroboksi inayotoa mkondo mkubwa wa kufungulia, kama ampea 4, kisha inaushusha hadi 1 wa kushikilia. Ukiiwekea nozeli ya namna hiyo moto wa betri moja kwa moja na kuiacha, utanusa harufu kabla hujajua kilichotokea. Kwenye boksi nimeweka swichi inayoingiza rezista za waya za omu 6 kwa ajili ya nozeli hizo.

Julai, upande wa mafuta

Reli ya nozeli (bomba linalozigawia mafuta), regyuleta ya kushikilia presha na pampu vimetoka kwa wauza skrepa, vya Corolla iliyogongwa. Pampu imezama kwenye ndoo yenye mfuniko, geji imefungwa kwenye reli, regyuleta inarudisha ziada ndooni. Kipaipu chake cha vakyumu nimekiacha wazi kwenye hewa. Geji inasoma kama bar 2.9.

Mteja mmoja msomi aliuliza kama mwinuko wa Mbeya, mita 1,700 hivi, hauharibu kipimo. Hauharibu. Regyuleta inashikilia tofauti kati ya mafuta na hewa iliyoizunguka, na geji nayo inasoma tofauti hiyohiyo. Bar 2.9 ya hapa inasukuma sindano sawa na bar 2.9 ya Dar es Salaam.

Petroli haiingii kwenye banda hili. Ukungu wa petroli, cheche za burashi za mota, na mchomeleaji wa jirani, hapana. Natumia mafuta ya taa, ambayo mvuke wake hauwaki kirahisi hivyo, na hata hayo naweka kizimamoto karibu na kazi yenyewe naifanyia nje chini ya turubai. Mafuta ya taa ni mazito kidogo kuliko petroli, hivyo namba ninazopata ni za kulinganisha nozeli na nozeli, si za kwenda kubishana na kitabu cha gari. Chini ya kila nozeli imesimama sirinji ya mililita 60 iliyozibwa mdomo. Duka la dawa walishangaa ninavyozihitaji, nikawaeleza, hawakuelewa, wakauza.

Jaribio la kwanza kabisa halina umeme: presha juu, nozeli zimefungwa, tazama ncha. Inayodondosha inarudi kwenye usafi kabla ya kipimo kingine chochote, kwa sababu inayovuja italeta namba nzuri za uongo.

Agosti, mapigo

Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Nozeli moja, mapigo 1,000 ya milisekunde 10, inatoa mililita 30. Nozeli hiyohiyo, mapigo 1,000 ya milisekunde 3, ungetegemea 9. Inatoa chini ya 7.

Kilichopotea ni muda wa kuamka. Mkondo haufiki juu papo hapo, unapanda kwa mviringo, na sindano haisogei mpaka sumaku ishinde springi na presha. Kwa vipimo hivyo viwili unaweza kuupata kwa hesabu ya darasa la saba: milisekunde 7 za ziada zilileta mililita 23.3 za ziada, kwa hiyo ikiwa wazi inatoa mililita 3.33 kwa sekunde, yaani 200 kwa dakika. Mililita 6.7 za pigo fupi zinahitaji milisekunde 2 za kuwa wazi. Pigo lilikuwa la 3. Moja imekwenda bure.

Milisekunde hiyo moja iko pia kwenye skrini. Mstari wa mkondo unapanda, na mahali fulani unachomoka kijikunjo kidogo, unashuka kidogo kisha unaendelea kupanda. Kijikunjo ni sindano ikisogea: chuma kinapokimbia ndani ya koili kinazalisha volti za kupinga, na mkondo unapungua kwa kitambo. Nilimwita mzee aone. Akaangalia muda mrefu akasema, "Kwa hiyo hapo ndipo inapopiga." Hapo hapo. Nozeli ambayo sindano yake imeganda kwa gundi ya petroli iliyokaa inachora mviringo laini bila kijikunjo, ilhali mita ya omu inaisifia 14.

Tunayo moja ya namna hiyo, kutoka gari lililosimama muda mrefu uani kwa mtu kule mtaa wa Forest. Mkondo mzuri, kijikunjo hakuna, sirinji kavu. Tuliiloweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta huku boksi likiipiga mapigo mafupi mafupi. Kijikunjo kilianza kutokea kimechelewa, kwenye milisekunde 2 na ushei, kisha kikarudi nyuma taratibu hadi kikaungana na wenzake. Mililita zikafuata.

Agosti, Toyota IST ya mwalimu

Mwalimu kutoka Uyole. Gari linawaka vizuri asubuhi, linafika mjini, likishapata moto linaanza kumisi. Likipoa linapona. Plagi zimebadilishwa, koili za plagi zimehamishwa silinda kwa silinda, kumisi hakuhami. Mafundi waliotangulia walipima nozeli na kukuta zote sawa, na sikatai, maana zilipimwa zimepoa.

Tuliazima drai ya nywele kwa dada wa saluni jirani. Nozeli tatu zikipashwa moto zilipanda taratibu kama shaba inavyotakiwa, 14, 15, 16. Ya nne ilipanda nazo, halafu mita ikaruka hadi mamia, ikarudi, ikaruka tena, mwisho ikaandika OL, yaani hakuna njia. Kwenye osiloskopu mstari wake ulitoweka kabisa wakati nyingine zinaendelea. Waya umekatika ndani ya plastiki, unagusana ukiwa wa baridi na kuachana ukipanuka. Hiyo haioshwi wala haitengenezwi. Mwalimu alinunua moja.

"Ndaga fijo," alisema akiondoka, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na dada wa saluni akadai drai yake irudi bila harufu ya mafuta ya taa. Imeshindikana.

Septemba, wasiohusika

Habari imeenea na vinaletwa vitu visivyo vya hapa. Niandike mipaka.

Nozeli za magari yanayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama Toyota za D-4 na Mitsubishi za GDI, zinafanya kazi kwa presha kubwa mara nyingi kuliko reli yangu, na kwa kawaida kontroboksi zake zinapandisha volti juu sana kuliko betri ili kuzifungua haraka. Boksi langu halizitendei haki.

Nozeli za dizeli za komoni reli, zinazolishwa na bomba moja la presha kubwa, ndizo zinazoletwa zaidi, mji huu ukiwa njiani kwenda mpakani Tunduma. Koili yake iko chini ya omu 1, inafunguliwa kwa volti 80 hivi na mkondo wa ampea 20 kwa kitambo, na za piezo hazina koili kabisa, zinataka volti zaidi ya 100. Presha yake inafika bar 1,600 na kuendelea, na mchirizi wa presha hiyo unapenya ngozi na kuingiza dizeli mwilini. Dereva wa lori alininung'unikia kwamba nampa mgongo. Nilimwambia, "Kaka, mimi nakurudisha kwa mwenye mashine yake, tena usiruhusu mtu aweke kidole karibu."

Septemba, volti

Nozeli ileile, presha ileile, nimebadilisha volti tu. Kwenye volti 14 muda wa kuamka ni milisekunde 1. Kwenye 12 umefika 1.3. Kwenye 10, karibu 1.8. Pigo la milisekunde 3 kwenye volti 10 linabaki na 1.2 tu za mafuta, badala ya 2. Asilimia 40 imetoweka na hakuna kilichoharibika.

Kontroboksi inalijua hili. Inapima volti na kuongeza muda wa pigo zikishuka, ndiyo maana gari lenye betri chovu bado linaweza kuwaka asubuhi ya Julai. Ila inapima volti zinazofika kwake. Zinazofika kwenye nozeli haizijui.

Oktoba, Toyota Noah ya Tukuyu

Na hapo ndipo ikaja Noah ya abiria. Sailensa nzuri, tambarare nzuri, mlimani inakosa nguvu na kukohoa. Pampu mpya, filta mpya. Nozeli zilipimwa kwenye boksi: zote nne sawa, vijikunjo vimepangana, mililita zinapishana kidogo mno. Taa ndogo ya LED iliyochomekwa kwenye soketi ya nozeli ilimulika vizuri kwa kila pigo.

Hiyo taa inadanganya wengi. LED inavuta milliampea 10. Ukiwa na kutu ya omu 3 njiani, milliampea 10 zinapoteza volti 0.03, taa haina habari. Nozeli inavuta karibu ampea 1 kwenye kutu hiyohiyo, na inapoteza volti 2 na nusu.

Nikaweka probu nyuma ya soketi, upande wa moto, injini ikiunguruma. Mita ya kawaida iliandika 14 kasoro kidogo, kwa sababu inatoa wastani na nozeli inavuta kwa kitambo kifupi tu. Osiloskopu ilichora mashimo: kila pigo, volti zinadidimia hadi 11.6, zinarudi. Sailensa, sensa ya oksijeni iliona mafuta yamepungua na kontroboksi ikafidia. Mlimani ukikanyaga, mapigo yanarefuka hadi yanapandana, nozeli mbili zinavuta kwa pamoja kwenye waya mmoja, shimo linazidi kina, na wakati huo huo kontroboksi imeacha kuisikiliza sensa.

Tuliufuata waya wa moto hadi chini ya dashibodi. Swichi ya siri ya kuzuia wezi, imefungwa na mtu asiyejulikana, waya zimesokotwa kwa mkono na kuvishwa selotepu. Tumeunga upya kwa risasi na kuweka rilei, swichi kubwa inayoamriwa kwa umeme mdogo, swichi ikabaki inaamuru rilei tu. Mashimo kwenye skrini yamekuwa vijidimbwi vya sehemu ya volti. Dereva alipanda nayo Isyonje akiwa na abiria, akapiga simu kutokea juu.

Kinachofuata kwenye boksi: mlango wa tano wa osiloskopu usioenda kwenye nozeli ya mezani, bali waya mrefu wenye pini nyembamba wa kuingia nyuma ya soketi garini. Pini nimezipata. Waya wenye kava inayostahimili joto la injini bado unatafutwa, na dogo ametumwa mtaa wa Soweto, hapahapa Mbeya.